Berlin kwa miguu, njia ya Mswahili

Ndugu yangu uliyeko Hamburg, Uholanzi au Sweden, ukipata siku mbili za Berlin, usizimalizie Checkpoint Charlie, kile kivuko cha zamani cha mpaka kati ya Berlin Mashariki na Magharibi, kwenye foleni ya picha. Kibanda kile ni cha kuigiza tu. Vaa raba ulizokwisha kuzizoea. Jiji ni tambarare lakini ni pana. Kama ni Jumapili, funga chapati zako, maana maduka karibu yote hufungwa.

Anzia Brandenburger Tor, lile lango maarufu la jiji, ushike Wilhelmstraße kuelekea kusini hadi namba 92. Utakuta kibao cha ukumbusho. Jumba lenyewe halipo tena. Hapo ndipo Bismarck, kansela wa Ujerumani, alipokaribisha mkutano wa kuigawa Afrika, Novemba 1884. Ulifungwa Februari 26, 1885, na kesho yake Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, akapewa hati ya ulinzi ya Kaisari kwa ile mikataba yake ya ujanja ya Usagara na majirani zake. Wapita njia wengi hawakitazami hata kidogo kibao hicho.

Rudi kaskazini kwa njia hiyohiyo. Ukivuka mto Spree, barabara inageuka jina na kuwa Luisenstraße, nayo itakufikisha Invalidenstraße, kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili (Jumatatu hufungwa). Njiani usitembee kwenye njia ya baiskeli, hata kama iko juu ya kijia cha waenda kwa miguu. Watakupigia kengele, na wengine hawapigi.

Ndani amesimama dinosaria mwenye urefu wa zaidi ya mita 13. Huyo ni wa kwetu, wa Tendaguru, Lindi. Alichimbuliwa kati ya 1909 na 1913, na mifupa ya Tendaguru ilibebwa na wapagazi mabegani na vichwani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Mimi ningekaa hapo saa nzima, hata kama watoto wanavuta mkono.

Ukitoka, endelea na Invalidenstraße kuelekea mashariki hadi Brunnenstraße, kisha kata kulia. Mbele ya namba 193 inamisha macho: kuna kijiwe chenye bamba la shaba, saizi ya kiganja. Ni cha Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuja Berlin 1929 kudai mishahara ya uaskari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani ambayo haikulipwa, yake na ya baba yake. Hakulipwa. Alifanya kazi ya uhudumu, akaigiza filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, na akafia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Sisi tunaohangaika na makaratasi ya ofisini huku tunaielewa safari yake.

Siku ya pili panda treni ya U6, ushuke Afrikanische Straße. Kama tiketi yako ni ya karatasi, igonge muhuri kabla ya kupanda; wakaguzi huvaa nguo za kawaida. Eneo hilo lina barabara za Sansibarstraße, Tangastraße na Ugandastraße, majina ya enzi za ukoloni na baadaye. Itafute Maji-Maji-Allee. Hadi Agosti 2024 iliitwa Petersallee, jina lililowekwa 1939 kumtukuza yuleyule Peters, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Piga picha yako chini ya kibao cha jina jipya, kisha ingia bustani ya Rehberge iliyo jirani, ule chapati zako.