Unataka kulinganisha manabii wa Wayahudi na wa Waislamu? Anza na Yona

Wengi wakitaka kulinganisha dini hizi mbili wanaanza na orodha ya majina, Ibrahimu yupo huku na kule, Musa yupo, Daudi yupo, basi wanasema ah kumbe ni kitu kimoja. Au wanaingia moja kwa moja kwenye ligi ya nani kabadilisha kitabu, na hiyo ligi haijawahi kuisha. Mi nakushauri shika nabii mmoja tu umsome pande zote mbili, na wa kuanza naye ni Yona, yaani Nabii Yunus.

Vitabu kwanza. Kwa Wayahudi, Agano la Kale kwenye Biblia ya Kiswahili ya Waprotestanti litakutosha, ni maandiko yale yale ila wao wanahesabu vitabu 24 na wanavipanga kivyao: Torati, halafu Manabii, halafu Maandiko. Huo mpangilio usiupuuze, una ngazi ndani yake. Torati ya Musa iko juu ya vyote, na ukisoma Hesabu 12:6-8 utaona kwa nini, manabii wengine wanapewa ndoto na maono lakini Musa anaongeleshwa mdomo kwa mdomo. Danieli naye, ambaye Wakristo wanamuweka na manabii wakubwa, kwa Wayahudi yuko kwenye Maandiko.

Upande wa Qurani, usikimbilie Sura Yunus ukadhani kisa kizima kiko mle, mle utapata aya ya 98 tu inayotaja watu wake. Fungua 37:139-148 (yaani sura ya 37, aya ya 139 mpaka 148), 21:87-88 na 68:48-50, uziweke mbele yako pamoja.

Haya, soma Yona sura zote 4, ni fupi sana, na huku unasoma jiulize: hapa nani anaongea? Kwenye Yona kuna msimuliaji anatuhadithia habari za nabii, anatoroka kupitia bandari ya Yafa kwenda Tarshishi, kura inamwangukia, anatupwa baharini, anamezwa na samaki, mpaka mwisho kanuna chini ya mtango kwa sababu Mungu kawasamehe watu wa Ninawi. Kwenye Qurani anayesimulia ni Mwenyezi Mungu mwenyewe, na anamsimulia Mtume Muhammad, tena 68:48 anamwambia wazi kabisa asubiri hukumu ya Mola wake wala asiwe kama yule wa samaki. Kwa hiyo kisa kile kile huku ni habari ya nabii, kule ni nasaha kwa nabii mwingine, na hapo ndo utaelewa kwa nini Qurani haihangaiki kutaja Yafa wala Tarshishi.

Halafu angalia mmea. Kwa Yona unaota mwishoni kumpa kivuli, unakauka, naye anakasirika. Kwenye Qurani mung'unye unaota akiwa ametupwa ufukweni mgonjwa, ndo kisha anatumwa kwa watu laki moja au zaidi (Yona inasema zaidi ya 120,000). Ile hasira ya mwisho haipo. Iko 21:87, aliondoka amekasirika, ila wafasiri wengi wanasema aliwakasirikia watu wake sio Mola wake, maana kwa Waislamu manabii wamehifadhiwa na madhambi. Rabi, yaani mwanazuoni wa Kiyahudi, hana haja ya kumtetea Yona hivyo.

Lakini usikimbilie kuandika "Wayahudi manabii wao wanakosea, Waislamu wao hawakosei" ukafunga daftari. Linganisha dua za tumboni mwa samaki. Ile ya Yona sura ya 2 ni shukrani na nadhiri, hamna mahali anasema nimekosa! Ya Yunus ndo ile Waislamu wengi wanaijua kwa moyo, la ilaha illa anta subhanaka inni kuntu minadh-dhalimin, yaani hapana mungu ila Wewe, umetakasika, hakika mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhulumu, yote ni kukiri. Mimi hapo napapenda kuliko kote, maana panavuruga jibu la haraka.

Kisha uliza kila upande unakitumia vipi. Wayahudi wanasoma kitabu chote cha Yona alasiri ya Yom Kippur, siku ya toba. Na unabii kwao uliisha na Hagai, Zekaria na Malaki, baada ya hapo kazi ni ya wanazuoni na Talmudi, yaani mkusanyiko wa mijadala ya marabi, ambamo kuna kisa marabi wanabishana kuhusu tanuri, sauti inatoka mbinguni kumuunga mkono mmoja, na Rabi Yoshua anajibu kwamba Torati haiko mbinguni tena. Waislamu unabii wao unafungwa na Muhammad (33:40), na baada yake kuna hadithi za Mtume na tafsiri za Qurani. Usiseme Talmudi ni "hadithi za Wayahudi", hadithi inafuatilia Mtume alisema nini na nani kasikia, Talmudi inahifadhi ubishi wenyewe.

Ukimaliza nenda kwa Daudi, ni mgumu zaidi. Soma 2 Samweli 11 na 12, halafu Sura Sad aya 21 mpaka 26, yenye kondoo 99 na yule mmoja, na uandike pembeni nini kipo huku na kule hakipo, ukianza na Bathsheba, yule mke wa Uria.