Jinsi ya Kusomea Usonara Chuoni

Kijana anayetaka kuwa sonara ana njia mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani ya kukaa pembeni mwa fundi katika duka la Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu au Mombasa, akianza kwa kufagia na kuvuta waya hadi siku atakapoaminiwa kushika moto. Ya pili ni chuo, nayo ndiyo inayohusika na mwongozo huu. Njia ya kwanza bado ina heshima yake, na mhitimu wa chuo asiyewahi kukaa na fundi mzoefu huwa na mkono mzito. Hata hivyo, chuo humpa mwanafunzi kitu ambacho fundi wa dukani mara nyingi hana nafasi ya kukitoa, yaani sababu ya kila hatua na hesabu inayoiongoza, pamoja na ruhusa ya kuharibu kipande cha shaba bila mteja kusubiri mlangoni.

Kabla ya kulipa ada, mwombaji athibitishe kwamba chuo kimesajiliwa na kwamba cheti chake kinatambuliwa. Kwa Tanzania, vyuo vya ufundi husimamiwa na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na orodha yake ya vyuo vilivyosajiliwa inaweza kusomwa na mtu yeyote kwenye tovuti ya baraza hilo. Anayevutiwa zaidi na mawe kuliko metali ataanza kuulizia Kituo cha Jemolojia Tanzania, TGC, kilichopo Arusha chini ya Wizara ya Madini, ambacho kinajulikana kwa mafunzo ya ukataji na ung'arishaji wa madini ya vito. Kwa kuwa sifa za kujiunga na tarehe za kupokea wanafunzi hubadilika, ziulizwe chuoni kwenyewe, si kwa mtu wa kati anayedai ana nafasi mkononi.

Jambo la pili ni kwenda kukiona chuo kwa macho, tena siku ya kazi. Majengo yasimshughulishe sana mwombaji. Aombe kuingia karakana. Humo aangalie kama kila mwanafunzi ana benchi lake au wanapokezana, kama sehemu ya kuchomelea ina feni ya kuvuta moshi, kama kuna mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na kama mashine ya kubana bamba inazunguka au imefunikwa turubai. Aulize pia ni nani anayenunua metali ya fedha ya mazoezi. Katika vyuo vingine shaba hutolewa na chuo ilhali fedha na mawe hununuliwa na mwanafunzi, gharama ambayo mara nyingi haitajwi kwenye fomu ya ada na ambayo imewafanya wengi wamalize kozi wakiwa wamesoma usonara kwa kutazama. Karakana tupu yenye ratiba nzuri ni dalili mbaya kuliko karakana chafu yenye kelele.

Maandalizi ya nyumbani si mengi. Mwanafunzi ajikumbushe hesabu za asilimia, uwiano na mzingo wa duara, kisha azoee kuchora kwa penseli vitu vidogo kwa vipimo vya milimita, kwa sababu mchoro wa sonara hutumika kama maelekezo ya kazi. Mfano rahisi ni pete. Ikiwa kipenyo cha ndani kinachotakiwa ni milimita 17 na bamba lina unene wa milimita 1.5, urefu wa kukata haupatikani kwa kuzidisha 17 kwa 3.14 peke yake, kwa kuwa bamba likikunjwa upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutika. Unene huongezwa kwanza kwenye kipenyo, na jumla ya 18.5 ikizidishwa kwa 3.14 hutoa takriban milimita 58.1. Anayesahau unene hutengeneza pete isiyopita kwenye kifundo cha kidole.

Muhula wa kwanza huwachosha wenye haraka, kwa maana hutumika karibu wote kwa msumeno, tupa na moto. Bledi ya msumeno wa sonara ni nyembamba mno, na kwa bamba la kawaida la mazoezi hutumika namba 2/0 au iliyo jirani nayo. Meno yake huelekezwa chini, upande wa mpini, kwa sababu hukata wakati mkono unashuka. Bledi iliyokazwa vizuri hulia kama uzi wa zeze ikiguswa kwa ukucha, na iliyolegea hukatika kabla ya kona ya kwanza. Mwanafunzi akae chini, kazi ikiwa usawa wa kifua, ashike mpini bila kuukaba, kisha auache msumeno upande na kushuka wima huku akizungusha bamba badala ya msumeno anapofika kwenye kona. Kuvunja bledi nyingi wiki za mwanzo ni jambo la kawaida, na mwalimu anayezihesabu kwa hasira hafai.

Baada ya msumeno huja lehemu, metali inayoyeyuka mapema kuliko kazi na kuunganisha vipande, na hapo ndipo mafunzo ya chuo yanapoonyesha thamani yake. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuuelekeza ulimi wa moto kwenye lehemu yenyewe. Lehemu ikiyeyuka kabla ya kazi kupata moto hujikunja na kuwa kidonge kinachobingirika, kwa sababu lehemu hufuata mahali penye joto. Kwa hiyo kiungo hufungwa hadi mwanga usipite, hupakwa boraksi ili hewa isichafue metali, kisha kazi nzima hupashwa kwa kuizungushia moto mpaka lehemu iliyowekwa pembeni imulike ghafla na kukimbia ndani ya ufa. Kazi yenye viungo kadhaa huanzwa kwa lehemu ngumu, yaani inayohitaji joto kubwa zaidi kuyeyuka, ikafuatiwa na ya kati na kumalizwa kwa laini, ili kila moto unaofuata usifungue kiungo kilichotangulia. Joto nalo lina mipaka yake, kwani fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 961.8 za Selsiasi, lakini fedha ya 925, yenye sehemu 925 za fedha safi kwa kila 1,000, huanza kulegea mapema zaidi, na sekunde chache za kutazama pembeni zinatosha kuigeuza pete kuwa tone.

Kipande kilichotoka motoni hutumbukizwa kwenye asidi hafifu ya kusafishia ili weusi na boraksi iliyogeuka kioo viondoke. Koleo la kukitolea liwe la shaba au plastiki. Chuma kikigusa asidi hiyo, shaba iliyoyeyukia ndani yake hurudi na kupaka vipande vyote vya fedha vilivyomo rangi ya waridi, na darasa zima hulazimika kusafisha upya. Wakati wa kuchanganya, asidi humiminwa kwenye maji. Maji hayamiminwi kwenye asidi kamwe.

Usalama hautangojea somo lake maalumu. Nywele zifungwe na mikono mirefu ikunjwe kabla ya kukaribia mota ya kung'arishia, na mkufu usishikwe ukining'inia mbele ya mota inayozunguka, maana huweza kunaswa na kuvuta vidole. Unga wa plasta ya kalibu, yaani ya kutengenezea umbo la kumiminia metali, una silika inayodhuru mapafu, hivyo barakoa ya vumbi ni ya lazima. Lehemu za bei nafuu zenye kadmiamu, metali yenye moshi wa sumu, zikataliwe kabisa. Kwa wanafunzi wanaotoka maeneo ya wachimbaji wadogo, onyo moja zaidi linafaa: dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki huweza kubaki na masalia yake, na kuiyeyusha ndani ya chumba kisicho na mfumo wa kuvuta hewa ni kujipulizia sumu na kuwapulizia wenzako.

Hesabu za mchanganyiko zifanyiwe mazoezi mpaka ziwe kichwani. Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu safi kwa kila 1,000. Kwa hiyo gramu 10 za dhahabu safi hugawanywa kwa 0.75 na kutoa gramu 13.33, maana yake metali ya kuongeza ni gramu 3.33. Karati 9 ni sehemu 375 tu. Katika uyeyushaji wa kumimina, nta iliyochongwa kwa umbo la kazi, ambayo nafasi yake hujazwa na metali, hupimwa kwanza, na kwa fedha ya 925 uzito wake huzidishwa kwa takriban 10.4, kisha huongezwa metali ya kujaza njia ya kumiminia. Pamoja na hesabu hizo, mwanafunzi awe na daftari la uzito: kiasi alichopokea, kilichobaki kama pete, kilichorudi kama vipande, na kilichokuwa unga wa tupa kwenye droo ya benchi. Unga wa dhahabu na wa fedha visichanganywe. Fundi anayeweza kueleza kila sehemu ya gramu iliyopotea huajiriwa haraka kuliko mwenye michoro ya kuvutia, na kwa maoni yangu tabia hiyo ndiyo somo kubwa kuliko yote yanayofundishwa chuoni.

Upande wa mawe, anayesoma Tanzania ana bahati ya kuwa karibu na tanzanaiti, ambayo iligunduliwa mwaka 1967 na huchimbwa Mirerani pekee, katika wilaya ya Simanjiro. Ni jiwe zuri la kujifunzia kwa sababu haliwasamehe wazembe. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, wakati rubi na yakuti ni 9, na lina upande mmoja ambao hupasuka kwa urahisi likigongwa. Halivumilii mabadiliko ya ghafla ya joto. Kwa hiyo moto wote humalizika kabla jiwe halijawekwa, kucha za pete hukunjwa kidogo kidogo kwa kupokezana pande zinazotazamana, na pete iliyokamilika husafishwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, si kwa mashine ya mawimbi ya sauti wala ya mvuke. Anayelikata hukabiliwa na uamuzi mgumu zaidi: jiwe hilo huonyesha bluu, zambarau au wekundu wa kahawia kulingana na upande linakotazamwa, na mara nyingi upande unaotoa bluu bora ndio unaopoteza uzito mwingi. Mwanafunzi aombe kufanya uamuzi huo mwenyewe mbele ya mwalimu, angalau kwa jiwe la daraja la chini.

Wapo wanaofikiria kwenda nje. Shule ya usonara ya Birmingham, Uingereza, imekuwepo tangu 1890 katikati ya mtaa wa masonara wenyewe, na taasisi ya GIA ya Marekani, iliyoanzishwa 1931, inaheshimiwa kwa utambuzi na upangaji madaraja ya vito. Gharama ni kubwa, na busara ni kumaliza kwanza cheti cha nyumbani ili pesa hizo zisitumike kujifunzia kushika tupa. Programu za kuchora kwa kompyuta, kama Rhino, zinaweza kuanzwa popote penye kompyuta ya kutosha, lakini zinawafaa wale ambao tayari wanajua bamba la milimita 0.5 hupinda namna gani.

Mwaka wa mwisho mwanafunzi akusanye kazi chache zilizokamilika, kila moja ikiwa na mchoro wake, uzito, picha ya mbele na ya nyuma. Picha ya nyuma ndiyo sonara mwenye duka ataitazama kwanza, kwa kuwa huko ndiko lehemu iliyomwagika na alama za tupa hujificha. Muhuri wa 925 au 750 ugongwe tu pale ambapo mchanganyiko unajulikana kwa hakika. Nafasi ya mafunzo kwa vitendo itafutwe mapema katika karakana inayotengeneza, kwani duka linalouza mikufu iliyoagizwa halitamwongezea mkono. Na kabla ya kununua gramu ya kwanza ya dhahabu au jiwe ghafi kwa ajili ya biashara yake, mhitimu afike kwenye ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa wake aulize leseni inayomhusu, kisha anunue kwenye masoko rasmi ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 na kutunza stakabadhi ya kila ununuzi.