Jinsi ya Kulinganisha Urefu wa Risasi za Shotigani na Chemba ya Bunduki

Risasi ya shotigani inapoingia kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, bila kulazimishwa na bunduki ikafungika vizuri, mtu huona amepata uthibitisho wa kutosha kwamba risasi hiyo ni ya bunduki hiyo. Uthibitisho huo haupo. Risasi ndefu kupita chemba huweza kuingia kwa ulaini uleule wa risasi inayofaa, na kosa likajitokeza pale tu kifyatulio kinapovutwa. Kwa sababu hiyo urefu haujaribiwi kwa kuiingiza risasi kwenye bunduki, bali husomwa kwenye mtutu, kisha kwenye risasi, na namba hizo mbili zikalinganishwa.

Utata wote unatokana na namna urefu unavyotajwa. Namba iliyochapwa kwenye boksi, tuseme milimita 70, ni urefu wa ganda baada ya kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umekwisha kufunguka na kunyooka. Kabla ya hapo mdomo huo umekunjwa ili marisau, yaani vigololi vidogo vilivyomo ndani, yasimwagike, na mkunjo hula sehemu ya urefu. Ganda la milimita 70 la geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) lililofungwa kwa mkunjo wa nyota, yaani ule wenye mapindo sita au manane yanayokutana katikati, huwa na takriban milimita 58 likiwa halijafyatuliwa, na lile la milimita 76 huwa na takriban milimita 65. Hapo ndipo hatari ilipo: risasi inayoitwa ya milimita 76 ina milimita 65 ikiwa mkononi, kwa hiyo chemba ya milimita 70 huipokea na nafasi ikabaki.

Mbele ya chemba, tundu la mtutu hupungua hatua kwa hatua hadi kufikia kipenyo chake cha kawaida, ambacho kwa geji 12 ni kama milimita 18.5. Chemba yenye urefu unaofaa huliachia ganda nafasi ya kufunguka kabla ya kufika mahali hapo panapobana. Ganda likizidi urefu, mdomo wake hufungukia ndani ya sehemu inayobana, na hapo kizibo kinachotenganisha baruti na marisau, pamoja na marisau yenyewe, hulazimika kupenya kwenye tundu lililopunguzwa na unene wa plastiki. Ucheleweshaji huo ni wa muda mfupi mno, lakini gesi ya baruti inazidi kuzalishwa nyuma yake, na mgandamizo unaweza kupanda kupita kiwango ambacho mtutu ulijaribiwa. Pengine mpigaji ataona tu teke kali begani na ganda lenye mdomo uliochanika. Pengine mtutu utaharibika au kupasuka. Ganda lililochanika mdomoni lisipuuzwe kamwe.

Anza kwa kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi, katika chemba na katika magazini, na risasi zote ziwekwe mbali na meza unayofanyia kazi. Kisha tafuta maandishi kwenye mtutu. Katika bunduki za aina ya pampu na zile zinazojijaza zenyewe, maandishi hayo kwa kawaida huwa ubavuni mwa mtutu karibu na chemba; katika bunduki zinazokunjwa, mara nyingi ni lazima uikunje au uutoe mtutu ndipo uyaone upande wa chini. Bunduki zilizokaguliwa kwa kanuni za Ulaya huonyesha geji na urefu kwa pamoja, kwa mfano 12/70 au 12/76. Za Marekani hutumia inchi, na ulinganisho wake ni huu: inchi 2½ ni kama milimita 65, inchi 2¾ ni 70, inchi 3 ni 76, na inchi 3½ ni 89. Urefu huu wa mwisho ulikuwapo zamani katika geji 10, na katika geji 12 ulianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Geji 20 huwa na 70 na 76, geji 28 kwa kawaida ni 70, na zile nyembamba za .410, ambazo hutajwa kwa kipenyo cha tundu kwa inchi badala ya geji, ni inchi 2½ na 3.

Baada ya mtutu, soma boksi, kisha soma kila risasi peke yake, kwa kuwa risasi huhama kutoka boksi moja hadi jingine kwa urahisi. Namba ya risasi ikiwa sawa na ya chemba au pungufu, inafaa kwa upande wa urefu. Ikizidi, iweke kando hata kama inaingia. Usipime risasi ambayo haijafyatuliwa ukadhani umepata jibu. Risasi yenye tonge moja kubwa badala ya marisau mara nyingi hufungwa kwa kuviringisha ukingo wa ganda, na mkunjo wa namna hiyo hula urefu mdogo kuliko wa nyota, hivyo risasi mbili zenye ganda la milimita 70 huweza kutofautiana kwa milimita kadhaa zikiwa zimesimama pamoja. Urefu wa shaba kwenye kitako nao hausemi lolote kuhusu urefu wa ganda.

Bunduki kuukuu zinahitaji uangalifu wa pekee. Bunduki nyingi za Uingereza za zamani zilichongwa chemba ya inchi 2½, na baadhi ya bunduki za geji 16 zina chemba ya milimita 65, wakati risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Mtutu usio na maandishi yanayosomeka upelekwe kwa fundi bunduki mwenye kipimo cha chemba, kwa sababu mpaka kati ya chemba na sehemu inayobana hauonekani vyema kwa macho.

Urefu usichanganywe na nguvu. Katika kanuni za Marekani, geji 12 ya inchi 2¾ na ya inchi 3 zina kikomo kimoja cha mgandamizo, yaani psi (pauni kwa inchi ya mraba) 11,500. Ile ya inchi 3½ ndiyo hufika 14,000. Ganda refu hutoa nafasi ya marisau mengi zaidi, na neno magnum, linaloashiria mzigo mzito kuliko wa kawaida, huonekana hata kwenye risasi za milimita 70. Katika kanuni za Ulaya pia kuna risasi za kawaida za hadi bari (kipimo kingine cha mgandamizo) 740 na za nguvu ya juu za hadi bari 1,050, kwa hiyo urefu ukilingana, bado unapaswa kuhakikisha kwamba mtutu ulikaguliwa kwa daraja hilo.

Risasi fupi kuliko chemba kwa kawaida hufyatuka salama, ila bunduki inayojijaza yenyewe huenda ikashindwa kutupa ganda la risasi nyepesi, na zile fupi kabisa za inchi 1¾ hukwama katika pampu nyingi zisizotengenezwa kwa ajili yake.

Mwisho, tenganisha geji kabla ya kutenganisha urefu. Risasi ya geji 20 huteleza ndani ya chemba ya geji 12 na kukwama mbele yake, mahali ambapo mtu anaweza kuona chemba tupu na kuingiza risasi ya geji 12 nyuma yake. Ikifyatuliwa, mtutu hupasuka karibu na mkono unaoushika. Ndiyo maana maganda ya geji 20 kwa desturi hutiwa rangi ya manjano. Geji hizo mbili zisikae kwenye mfuko mmoja, na kila bunduki inapobofywa bila kulia, subiri mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama, ondoa risasi iliyomo, kisha tazama tundu lote kutoka upande wa chemba kabla ya kuingiza nyingine.