Jinsi ya kusajili websaiti yako kwenye dairektori za mtandaoni bila kujiharibia Google

Wadau wenye biashara zenu, mtu akikuambia "nipe hela kidogo nikusajilie websaiti kwenye dairektori 1,000 ipande juu kwenye matokeo ya Google", usitoe hata mia. Dairektori ni tovuti zinazoorodhesha biashara na websaiti zao. Nasema hivi kwa sababu naona watu wanatengeneza websaiti nzuri kabisa halafu wanaijaza linki za takataka wakidhani wanaisaidia, inaumiza sana. Dairektori bado zinafaa, tena sana kwa biashara yenye duka au ofisi mahali fulani, ila zinatakiwa chache na zijazwe vizuri.

Huo mtindo wa kujisajili kila kona umebaki toka enzi zile Yahoo walikuwa na dairektori yao, ilianza 1994, kisha 1998 ikaja dairektori nyingine, DMOZ, ambayo wahariri wa kujitolea walikuwa wanakagua tovuti moja moja kwa macho yao, kwa hiyo ukiingia mle ilikuwa na maana kweli. Yahoo waliifunga ya kwao mwishoni mwa 2014, DMOZ ikafungwa Machi 2017. Na katikati hapo, Aprili 2012, Google walitoa badiliko linaloitwa Penguin, tovuti nyingi zilizokuwa zinabebwa na linki za kununua zikashuka vibaya. Mpaka leo ukisoma sera za spamu za Google, linki za dairektori zisizo na ubora zimetajwa waziwazi.

Sasa tuanze kazi. Kabla hujafungua dairektori yoyote, fungua noti kwenye simu uandike taarifa zako mara moja tu: jina la biashara, mahali ilipo, namba ya simu, saa za kufungua, linki ya websaiti, maelezo mafupi ya sentensi mbili na mengine marefu kidogo. Baada ya hapo ni kukopi na kupesti, usiandike upya kwa kichwa kila unapojisajili, maana hapo ndo makosa yanapoanzia. Chukua mfano wa fundi samani pale Keko, Dar. Kibao cha nje kimeandikwa jina na neno "samani", Facebook kaweka jina hilohilo na "furniture", kwenye risiti ni "enterprises", halafu namba ya simu iliyopo kwenye dairektori moja ya zamani ni ya laini aliyoipoteza kitambo. Kwake yeye ni biashara moja, ila mashine inayokusanya taarifa inaweza kuona biashara tatu tofauti, na mteja aliyepiga ile laini ya zamani ameshaenda kwa fundi wa jirani. Chagua jina moja, lile lililopo kwenye kibao chako, na namba moja, iandike ikianza na +255 ili hata mtu wa nje aweze kupiga.

Anwani ndo huwa inatusumbua. "Mkabala na kituo cha daladala" mtu wa mtaani anaelewa, ramani haielewi. Tumia ile ya anwani za makazi, jina la barabara, namba ya jengo na postikodi, na kama hujapata namba basi fungua Google Maps, gusa na ushikilie palipo duka lako, chukua plus code inayotokea, yaani kodi fupi ya herufi na namba inayoonyesha mahali hapo. Kituo cha daladala kiweke kwenye maelezo, kinamsaidia anayekuja kwa miguu.

Usajili wa kwanza kabisa uwe Google Business Profile, ukurasa wa biashara yako unaotokea Google na kwenye Google Maps, ile iliyokuwa inaitwa Google My Business mpaka 2021, ni bure. Tafuta kwanza kama biashara yako imeshawekwa na mtu mwingine, kama ipo omba umiliki wake, usitengeneze nyingine. Fungua kwa imeili ya biashara na siyo ya kijana anayekusaidia, maana akiondoka anaondoka na akaunti. Kwenye jina usiongeze mambo ya "bei nafuu Dar es Salaam", ni kinyume na sheria zao na profaili inaweza kusimamishwa. Kategoria chagua inayosema unachofanya hasa, anayetengeneza samani siyo sawa na anayeuza tu. Mara nyingi watakuomba video ya uthibitisho, basi rekodi mfululizo bila kukata, anzia barabarani, onyesha kibao, ingia ndani uonyeshe vifaa na kazi inayoendelea. Kama huna duka na unafuata wateja majumbani, ficha anwani uweke maeneo unayofika.

Ukimaliza hapo nenda Bing Places, usajili wa biashara wa Bing ya Microsoft, ina sehemu ya kuvuta taarifa moja kwa moja kutoka Google kwa hiyo haichukui muda. Apple nao wana usajili wa ramani zao. OpenStreetMap, ramani huru inayojazwa na watu wa kujitolea, pia usiiache, programu za ramani kama Organic Maps zinachukua data kutoka huko, ila pale weka ukweli mtupu bila matangazo.

Halafu zinafuata za fani yako. Kampuni ya utalii Arusha inatakiwa kuwepo Tripadvisor na SafariBookings, na kama ni mwanachama wa TATO, chama cha mawakala wa utalii Tanzania, ihakikishe jina lake limo kwenye orodha yao ikiwa na websaiti sahihi. Kwa fani nyingine kuna njia rahisi sana: andika Google huduma yako na mji wako, kama mteja anavyoandika, dairektori zinazotokea ukurasa wa kwanza ndo za kwenda. Ambayo huijui ipime, andika site: ikifuatiwa na anwani yake bila nafasi, kama Google haileti kurasa zake achana nayo. Ingia pia ndani uangalie majirani, yaani websaiti nyingine zilizoorodheshwa humo, ukikuta kamari, mikopo ya haraka na dawa za nguvu za kiume zimejazana, au wanakulazimisha uweke linki yao kwako kwanza, toka.

Usihangaike na linki kuwa nofollow, yaani yenye alama ya kuiambia Google isiihesabu, mteja akiibonyeza anafika kwako vilevile.

Kila unapojisajili andika kwenye Excel: jina la dairektori, imeili uliyotumia, tarehe na linki ya ukurasa wako. Siku ukihama au ukibadili namba utapita mstari kwa mstari. Na jamani, kusajili dairektori hakuingizi websaiti yako Google, hiyo kazi ifanye kwa Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye websaiti, thibitisha umiliki, tuma sitemap (orodha ya kurasa zako), kagua kama kurasa zimeingia.

Kwa wale mlioshanunua linki za dairektori 1,000, humohumo Search Console fungueni sehemu ya Manual actions, ambapo Google huweka adhabu ikiwa wameiadhibu websaiti. Kama hakuna onyo lolote ziacheni, linki nyingi za aina hiyo Google inazipuuza tu. Likiwepo onyo, ombeni ziondolewe, zilizogoma zitieni kwenye faili la disavow, la kuiambia Google isizihesabu linki hizo, halafu mtume ombi la kukaguliwa upya.