Una mradi unaolipwa na NSF? Zisome sheria zake kuanzia chini kwenda juu

Wadau mlioko Marekani kwenye maabara zinazolipwa na National Science Foundation, yaani NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili utafiti, naona wengi mkipata swali mnamuuliza jirani wa meza ya pili basi imeisha. Sheria zenyewe ziko intaneti bure kabisa, ishu ni pa kuanzia.

Usianze na ile sheria ya Bunge la Marekani ambayo Truman aliisaini Mei 10, 1950. Ni muhimu, ndo imeianzisha NSF na bodi yake ya wajumbe 24 ukiacha mkurugenzi, ambaye anateuliwa na rais kwa miaka 6 (muswada wa 1947 Truman aliukataa hasa kwa vile mkurugenzi hakuwekwa chini ya rais), ila haikwambii kama laptop inanunulika.

Anza na barua ya granti. Iombe ofisi ya granti chuoni kwako, maana hela wamepewa chuo, sio profesa, hata kama yeye ndo kaandika kila kitu. Halafu soma tangazo ambalo mradi uliombewa, kisha ule mwongozo mkubwa wa NSF unaoitwa PAPPG, na angalia ni toleo gani linahusu granti yako kwa sababu unabadilishwa mara kwa mara. Tangazo likipishana na mwongozo, fuata tangazo.

Hapo sasa ndo unapanda kwenye kanuni zenyewe, zipo eCFR, yaani tovuti ya kanuni (CFR) za serikali ya Marekani. 2 CFR 200 ni ya matumizi: gharama iwe ya lazima kwa mradi, bei iwe ya kawaida, na iuhusu mradi huo kweli. Pombe haipiti. 45 CFR 690 ni ya utafiti unaohusu watu, na 45 CFR 689 ni ya udanganyifu, kupika data, kuchakachua matokeo, kuiba maandishi ya mwenzako, na hiyo inakubana hata kwenye ombi la granti, sio paper tu. Kukosea kwa nia njema hakuhesabiwi humo, tafadhali mjue hili msiishi kwa hofu.

Sasa inayowagusa sana wanaokuja kufanya fieldwork nyumbani ni sheria ya safari za ndege inayoitwa Fly America. Tiketi ikilipwa na hela za granti inatakiwa uruke na shirika la Marekani, au ndege ya shirika lingine ila tiketi imetolewa kwa code (herufi za utambulisho) ya shirika la Marekani, kwa hiyo kabla hujalipa angalia herufi mbili za mwanzo kwenye namba ya flaiti, UA (United) au DL (Delta) hivi, sio rangi ya ndege. Mashirika ya Umoja wa Ulaya kama KLM yanakubalika kwa mkataba wa usafiri wa anga wa Open Skies, ndo maana wengi wanapitia Amsterdam. Bei kuwa chee kwingine peke yake sio sababu. Na kibali cha kufanya utafiti, cha COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya shughulikia mapema, NSF haikuombei.

Kuhusu uraia: ile skolashipu ya NSF kwa wanafunzi wa masters na PhD, GRFP, ni ya raia na wenye green card, lakini kulipwa kama msaidizi wa utafiti kwenye granti ya profesa haihitaji uraia.

Ukiandika imeili kwa ofisi ya granti taja kifungu kabisa, mfano safari ni 2 CFR 200.475, na uwaombe wakujibu kwa maandishi kabla hujatumia hela.