Namna ya Kuzuru Makaburi ya Vita ya Nairobi

Makaburi ya Vita ya Nairobi yako kando ya Barabara ya Ngong, karibu na msitu, na matatu za Karen na Ngong hupita jirani. Yalifunguliwa mwaka 1941, wakati wa vita dhidi ya Waitalia katika Somalia na Ethiopia, na leo yamo makaburi zaidi ya 1,900 ya wanajeshi wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hakuna kiingilio.

Nusu ya ziara hii hufanyika nyumbani, na jambo la kwanza ni kutafuta jina. Anayefika bila jina huona mistari ya makaburi yanayofanana, akazunguka kidogo, akaondoka. Ikiwa ukoo wenu ulitoa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) ambaye hakurudi, waulize wazee jina lake, jina la babake, kikosi chake, na habari zake za mwisho zilitoka wapi. Kisha litafute jina hilo, bila malipo, katika tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo inayoyatunza makaburi haya. Lisipoonekana mara ya kwanza usikate tamaa, kwa sababu majina ya Kiafrika mara nyingi yaliandikwa na makarani kwa jinsi walivyoyasikia. Jaribu kubadilisha r na l, ongeza au ondoa h, tafuta kwa jina moja tu, kisha kwa jina la baba. Ukilipata, nakili namba ya kiwanja, mstari na kaburi, au namba ya safu iwapo limeandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu.

Mahali alipofia mtu ni muhimu kuliko mahali alipozaliwa. Wengi waliopigana Burma (sasa Myanmar) mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki katika Bonde la Kabaw hawapo Nairobi. Wale ambao makaburi yao hayajulikani huandikwa katika mnara wa Rangoon, ulioko Taukkyan, nchini Myanmar. Waliofia Madagaska huenda wakapatikana katika makaburi ya Diego Suarez, kisiwani humo. Ni afadhali kuyajua hayo mapema kuliko kumsafirisha bibi mzee kutoka kijijini hadi Nairobi, akakosa alichokifuata.

Ukishaingia langoni, usikimbilie makaburini. Anza na Mnara wa Afrika Mashariki, ulio karibu na lango, kwa kuwa hapo ndipo wamekumbukwa wale ambao hawakupata hata kaburi. Miongoni mwao wamo mamia ya wanajeshi wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, waliopanda meli ya Khedive Ismail kutoka Kilindini kuelekea Colombo. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliipiga meli hiyo katika Bahari ya Hindi, ikazama chini ya dakika 3. Soma majina hayo polepole, kwa sauti ndogo ukiweza. Ukiwa na watoto, wape kila mmoja safu yake wasome; watoto hutulia wakipewa kazi, na majina haya yanastahili kutamkwa na watu wanaojua kuyatamka.

Makaburini, pita katikati ya mistari na usikanyage wala kukalia kaburi. Valia kwa heshima kama unavyovalia kwenda msibani. Mwislamu atatoa salamu kwa watu wa makaburini na kusoma Fatiha, Mkristo ataomba kwa namna ya kanisa lake; hakuna atakayekuzuia, ila sauti iwe ya chini. Maua yawe mabichi, yasiyofungwa kwa plastiki. Herufi zikiwa zimefifia usizipake chaki wala rangi, bali piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa la upande, nazo zitasomeka. Jumapili iliyo karibu na tarehe 11 Novemba hufanyika ibada rasmi ya kumbukumbu. Anayetaka utulivu achague siku nyingine.

Ziara haijakamilika kabla hujafika mjini, Kenyatta Avenue, penye sanamu za shaba zilizozinduliwa mwaka 1928 kwa ajili ya Waafrika wa vita ya 1914 hadi 1918. Mmojawapo ni mpagazi. Waingereza walichukua yapata watu milioni moja kubeba mizigo ya jeshi katika vita hiyo, na waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, lakini pale hakuna jina hata moja. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika wengi sana waliachwa bila kuandikwa, ikaomba radhi. Kwangu mimi radhi hiyo itatimia majina yatakapopatikana, na sehemu ya kazi hiyo iko mikononi mwa familia.

Kwa hiyo, ikiwa jina la mtu wenu halimo popote, kusanya ushahidi: cheti cha jeshi, medali, barua, picha ya mtu mwenye sare, pamoja na maelezo ya wazee yaliyoandikwa na kutiwa tarehe. Piga nakala ya kila kitu, uiandikie Tume kupitia tovuti yake ukiomba jina lichunguzwe, na ubaki na nyaraka za asili nyumbani.