Jinsi ya Kutembelea Msitu wa Amani: Anzia Kituo cha Zigi, Kisha Panda kwa Miguu

Wageni wengi wanaokuja Amani hupita Zigi, kituo cha chini cha msitu huu, wakiwa garini, husaini kitabu, kisha hupanda moja kwa moja hadi juu. Jioni huniambia kwamba msitu unapendeza ila hawakuona kitu. Vitu vipo. Kazi yangu ni kuwatembeza watu humu, na tofauti kubwa ninayoiona kati ya mgeni aliyeona na asiyeona ni saa moja tu aliyoitumia katika kituo cha habari cha Zigi kabla ya kuingia msituni. Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza ni huu: chini kwanza, juu baadaye, na kwa miguu.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Ilitangazwa mwaka 1997, ikawa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ukubwa wake ni takribani hekta 8,380 pamoja na bustani ya mimea. Usitegemee simba wala tembo. Huu ni msitu wa mvua wa Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale ya Tanzania na Kenya, unaolishwa na unyevu wa Bahari ya Hindi tangu zama za kale sana, na kwa kuwa umejitenga na misitu mingine kwa muda mrefu hivyo, una viumbe usioweza kuwakuta kwingineko. Wengi wao ni wadogo. Ukija na macho ya Serengeti utarudi mikono mitupu.

Hatua ya 1: Chagua majira

Masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara na kufanya njia za miguu ziteleze. Vuli nayo, Oktoba hadi Desemba, ina siku zake ngumu. Nawashauri watu waje Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Hata hivyo koti la mvua libebe mwezi wowote, maana Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na mvua haisubiri msimu.

Hatua ya 2: Maliza mambo ya malipo na usafiri Muheza

Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Viingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba, na viwango vya raia na vya wageni wa nje havilingani. Wasiliana na ofisi ya hifadhi kabla ya kuondoka nyumbani, uliza kiasi cha sasa, na weka nafasi ya kulala pamoja na mwongozaji. Fedha taslimu za chakula na mahitaji madogo zichukue mjini.

Ukitoka Dar es Salaam, panda basi la Tanga ushukie Muheza. Kutoka hapo ni takribani kilomita 25 hadi Zigi, kisha kama kilomita 7 za kupanda hadi Amani, na kipande hicho cha mwisho kina kona kali. Magari ya abiria ni machache kwa siku. Uliza stendi mapema, na usipange kufika jioni.

Hatua ya 3: Vaa kwa ajili ya siafu

Suruali ndefu, soksi ndefu, na suruali iingizwe ndani ya soksi. Buti zenye meno. Dawa ya mbu na chandarua, kwa sababu malaria ipo, hasa huku chini Zigi. Tochi nzuri na darubini. Nguo nyekundu na nyeupe ziache. Kijani na kahawia zinatosha.

Hatua ya 4: Kaa kituoni saa nzima

Hapa ndipo ninapobishana na wageni, nami sichoki. Kituo cha habari kiko katika nyumba ya zamani ya stesheni masta. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga reli kutoka Tengeni hadi Zigi ili kusomba mbao za milimani. Reli haipo tena, nyumba imebaki. Ndani utakuta maelezo ya historia, wanyama na mimea ya dawa. Usizunguke ukisoma kila kitu. Chagua vitu vitatu utakavyovitafuta msituni, vitazame hadi umbo lake likae kichwani, na mwambie mwongozaji wako ni vipi ulivyovichagua. Mimi humpa mgeni wa mara ya kwanza hivi:

Cha kwanza ni Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la familia hiyo. Leo wanasayansi wanaliweka kwenye jenasi (kundi la mimea ndugu) ya Streptocarpus. Linauzwa kwenye vyungu duniani kote, lakini kwao ni huku, kwenye miamba yenye unyevu na kivuli kando ya maji.

Cha pili ni kinyonga wa pembe tatu, Trioceros deremensis, aliyepewa jina kutokana na Derema, hapa hapa Usambara. Pembe ni za dume, jike hana. Huyu utamtafuta usiku.

Cha tatu ni mti, na wageni hushangaa kwa nini nauweka. Ni msizi, Maesopsis eminii. Asili yake si Usambara. Uliletwa kupandwa, na baada ya ukataji mkubwa wa mbao ulioendelea hadi miaka ya 1980, ukajaza mapengo mengi. Hondohondo, ndege wakubwa wenye midomo mikubwa, wanapenda matunda yake, hivyo huzimwaga mbegu kila wanapopita. Ukishaujua mti huu, unaweza kusimama mahali popote njiani na kukisia kama msitu unaoutazama ulikatwa au haujaguswa. Hakuna bango litakalokuonyesha hilo.

Hatua ya 5: Panda njia ya Zigi hadi Amani

Anza saa 12 na nusu asubuhi. Zigi iko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Amani iko karibu mita 900, na kati yake msitu hubadilika kadiri unavyopanda. Tenga saa tatu hadi tano. Mizigo mikubwa itangulie kwa gari ikiwezekana.

Kanuni yangu ni moja: tembea dakika kumi, simama dakika tano. Unaposimama, usianze kutazama juu. Anza chini, kwenye majani makavu, ambako sange huchokora wadudu kwa pua yake ndefu, nawe humsikia kabla ya kumwona. Pandisha macho hadi usawa wa kiuno: vyura, konokono, vinyonga wadogo wa rangi ya jani kavu. Mwisho ndipo uende kwenye dari la msitu, kwa mbega na kima.

Masikio yanafanya kazi kubwa kuliko macho. Mngurumo wa asubuhi ni mbega. Mvumo mzito wa mabawa juu ya miti ni hondohondo. Ndege wadogo hutembea kwa makundi mchanganyiko, kwa hiyo unaweza kukaa nusu saa kimya kabisa halafu mti mmoja ukajaa aina nyingi kwa pamoja. Hapo usikimbilie kamera. Mtafute chozi wa Amani kwenye matawi ya juu. Ukipata bahati kubwa mno, kwenye mimea minene inayotambaa utamwona Artisornis moreaui, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, adimu sana, mwenye jina la Reginald Moreau aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani na kuwachunguza ndege wa milima hii.

Ukifika juu zaidi, tafuta matunda makubwa ya msambu yaliyoanguka chini. Mbegu zake hutoa mafuta, na wanavijiji huziokota na kuuza. Yaache yalipo, si yako. Vijito navyo usiogee kwa sabuni: Mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalowapa maji wakazi wa jiji la Tanga.

Hatua ya 6: Mchana bustanini, usiku barabarani

Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ili kujaribu mazao ya kibiashara. Muombe mwongozaji akuonyeshe mti wa kwinini na mdalasini. Mtembezi aliyechoka anaweza kuizunguka taratibu; mwenye nguvu apande kilima cha Mbomole kutazama mandhari.

Baada ya chakula cha jioni, toka na mwongozaji, mshike tochi, mtembee kando ya barabara. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, hivyo kwenye mwanga wa tochi huonekana mweupe kwenye ncha ya kijiti, wakati mchana ungempita bila kumjua. Mulika kwa sekunde chache, kisha elekeza mwanga pembeni. Usimshike. Mkisikia kelele kama za mtu anayekabwa, ni perere, mnyama asiyezidi ukubwa wa sungura mnene. Watoto waambieni mapema.

Hatua ya 7: Kurudi

Ulizia usiku huohuo saa ya gari la kushuka Muheza, kwani mara nyingi huondoka alfajiri. Ukipita Zigi, andika kwenye kitabu cha wageni ulichokiona, mahali na saa. Kumbukumbu hizo hutusaidia kujua pa kumpeleka mgeni anayefuata. Na kama wewe ni mwalimu unayefikiria kuleta darasa, andikia ofisi ya hifadhi wiki kadhaa kabla, ugawe wanafunzi katika makundi madogo, kila kundi na mwongozaji wake. Msafara wa watoto hamsini njia moja hautaona hata kima.